Makinda Wanapotoka Kiotani: Mwongozo kwa Mwenye Kiota Uani Kwake

Wengi wanaokuta kiota kwenye michongoma ya ua, kwenye bogenvilia ya barazani au chini ya upenu wa nyumba huisubiri siku moja tu, yaani siku ambayo makinda wataruka, na siku hiyo inapofika huwashangaza kwa sababu haifanani na walivyoitarajia. Kinda wa ndege wengi wadogo wa bustanini hatoki kiotani kwa kuruka angani. Hutoka kwa kurukia tawi la jirani, mara nyingine hulikosa, huangukia kwenye majani au chini kabisa, kisha hukaa siku mbili au tatu akijificha huku wazazi wake wakimlisha hapo hapo alipo. Mtu asiyelijua hilo humwona kinda chini ya mti, humhurumia, humwokota na kumtia kwenye boksi, humlisha wali na maziwa, na kinda huyo aliyekuwa mzima kabisa hufa mikononi mwake. Mwongozo huu umeandikwa ili anayependa kuwatazama makinda hao awatazame kwa ukaribu unaotosha, na ili kupenda kwake kusiwe sababu ya wao kupotea.

Nitamtumia zaidi ndege mmoja kama mfano, naye ni shore, ambaye wengine humwita shorewanda: ndege wa rangi ya kahawia mwenye kichwa cheusi chenye kishungi kifupi na manyoya ya njano chini ya mkia, anayetoboa mapapai na mapera yaliyoiva na ambaye ni miongoni mwa wa kwanza kulia alfajiri. Yuko Dar es Salaam, Morogoro, Arusha, Nairobi, Mombasa na Kampala, na hakuna bustani yenye vichaka na matunda ambayo hukosa kumwona. Pale ambapo mambo yanatofautiana nitawataja pia chozi, ambaye hutundika kiota chake kwenye waya au kwenye kamba, na mbayuwayu, ambaye hujenga kwa tope chini ya paa.

Hatua ya kwanza: mjue mwenye kiota

Kabla ya kupanga lolote, tambua kiota ni cha nani, kwa kuwa muda wa makinda kukaa kiotani na namna yao ya kutoka hutegemea aina ya ndege. Kiota cha shore ni kibakuli kidogo cha nyasi, vijiti vyembamba na vijizizi, kilichokaa kwenye panda la matawi, aghalabu katika kimo ambacho mtu mzima anaweza kukifikia kwa mkono. Ndani yake huwa na mayai mawili au matatu ya rangi nyeupe inayoelekea waridi, yenye madoa mengi ya zambarau na kahawia. Kiota cha chozi hakina uwazi juu. Ni kifuko kinachoning'inia, chenye mlango ubavuni na mara nyingi kijipaa kidogo juu ya mlango huo, kilichofumwa kwa nyasi na utando wa buibui, kikatandikwa ndani kwa sufi na vitu laini, na nje kikabandikwa majani makavu hivi kwamba ukikitazama haraka unaweza kudhani ni takataka zilizonasa kwenye waya. Cha mbayuwayu ni cha tope lililofinyangwa kwa tonge ndogo ndogo, kikiwa wazi kama nusu ya kikombe au kimefunikwa na kuachiwa njia nyembamba ya kuingilia, kutegemea ni mbayuwayu wa aina gani.

Katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua ndege hawa hutaga zaidi wakati wa masika na vuli au mara tu baada ya mvua kuanza, kwa sababu hapo wadudu ni wengi. Hata hivyo shore na chozi huweza kukutwa wakiatamia karibu mwezi wowote pale penye bustani inayomwagiliwa, hivyo usishangae kukuta kiota katikati ya kiangazi.

Hatua ya pili: chagua mahali pa kutazamia, na usipabadilishe

Ndege anayelea makinda humzoea mtu anayekaa mahali pamoja kuliko yule anayezungukazunguka. Tafuta sehemu iliyo umbali wa mita nane au kumi kutoka kwenye kiota, ambako tayari watu wa nyumba hupita au hukaa, kama vile dirisha la sebuleni, kiti cha barazani au mlango wa jikoni, na uitumie hiyo hiyo kila siku. Dirisha ndilo bora kuliko yote, kwa sababu ukikaa nyuma ya pazia jepesi ndege hana habari nawe. Kwa chozi aliyejenga barazani au mbayuwayu aliye juu ya mlango umbali huo hauwezekani, lakini hao walichagua wenyewe kuishi kati ya watu, na kupita kwenu kwa kawaida hakuwasumbui. Kinachowasumbua ni mtu kusimama chini ya kiota na kukikodolea macho.

Kipimo cha kujua kama umekaribia mno ni tabia ya wazazi. Shore akirudi na mdudu mdomoni, akatua kwenye tawi la mbali na kuanza kulia kwa sauti kali ya kurudiarudia bila kuingia kiotani, ujue anakusubiri wewe uondoke. Rudi nyuma hadi atakapoingia, na umbali huo mpya uwe ndio mpaka wako. Kinda mdogo hulishwa mara nyingi kwa saa moja, na kila dakika mzazi anayotumia kukulilia ni mlo ambao haukufika.

Ukiwa na darubini, itumie. Ukiwa na simu tu, unaweza kuifunga kwenye kigoda au kwenye nguzo ya baraza wakati wazazi hawapo, ukaiacha irekodi kwa muda, mradi iwe nje ya kichaka na isiwake taa. Taa ya kamera isitumike kabisa, wala usikate hata tawi moja ili upate picha safi. Majani yanayokukera wewe ndiyo yanayowaficha makinda dhidi ya kunguru aliye juu na kuwakinga na jua la saa saba, na mtu akiyakata leo, kesho hukuta kiota kitupu.

Hatua ya tatu: hesabu siku

Shore huatamia kwa takriban siku 12 hadi 14, na makinda hukaa kiotani siku nyingine 11 hadi 14 hivi baada ya kuanguliwa. Chozi huatamia kwa karibu wiki mbili, jike peke yake, na makinda wake hukaa kiotani kwa wiki mbili au zaidi kidogo. Mbayuwayu ndio wanaokawia: makinda wao huweza kukaa kiotani karibu wiki tatu, kwa kuwa hawana nafasi ya kujifunza matawini na ni lazima watoke wakiwa na mabawa yanayowabeba.

Huhitaji kuchungulia ndani ili kujua makinda wameanguliwa. Wakati wa kuatamia mzazi huingia na kutulia kwa muda mrefu. Makinda wakishaanguliwa wazazi huanza kuja na kuondoka, tena wakiwa na kitu mdomoni. Andika tarehe hiyo. Ikiwa kwa shore uliona hivyo tarehe 4, basi tarehe 12 uwe umekwisha kujiandaa, ingawa makinda huenda wakatoka tarehe 15 au 18. Daftari la kawaida latosha: tarehe, saa, mvua au jua, mzazi ameleta nini. Siku za mwanzo utaona zaidi wadudu laini na viwavi, na kadiri makinda wanavyokua utaanza kuona vipande vya matunda, forosadi nzima nzima, hata panzi ambaye miguu yake imebaki nje ya mdomo wa kinda. Maandishi hayo yana thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na anayependa anaweza kuyatoa kwa Tanzania Bird Atlas au Kenya Bird Map, ambako taarifa za ndege za nchi hizo mbili hukusanywa.

Jambo moja linalopendeza kulitazama katika siku hizi ni usafi wa kiota. Kinda wa shore anapomaliza kumeza huinua makalio yake juu ya ukingo na kutoa kinyesi kilichofungwa ndani ya utando mweupe unaong'aa, kizima, kisichochuruzika. Mzazi hukidaka hapo hapo na kukimeza, au makinda wanapokuwa wakubwa hukibeba mdomoni na kwenda kukidondosha mbali. Ndiyo maana chini ya kiota cha shore hapana uchafu wala harufu ya kumwita adui. Mzazi anayeruka kutoka kiotani akiwa na kitu cheupe mdomoni anakuhakikishia kwamba makinda wako hai na wanakula vizuri.

Sasa kuna onyo ambalo naomba lizingatiwe kuliko mengine yote ya hatua hii. Kinda wa shore huzaliwa uchi na kipofu. Baada ya siku chache macho hufunguka na manyoya huanza kuchomoza yakiwa bado ndani ya ala zake, magumu na ya rangi ya kijivu. Ala hizo zinapopasuka, kuanzia siku ya nane au ya tisa, kinda huwa amepata hofu. Kabla ya hapo ukisogea hujilaza tu au hufungua mdomo. Kuanzia hapo ukipeleka mkono au uso karibu, yeye na ndugu zake huruka nje wote kwa pamoja wakiwa hawajakomaa, na ukiwarudisha huruka tena. Kwa hiyo kuanzia siku ya nane hakuna kuchungulia, hakuna kusogeza tawi, na hakuna kumwinua mtoto aone. Aliyetaka kuwahesabu makinda awe amewahesabu mapema, mara moja, kwa haraka, wakati mzazi ametoka.

Hatua ya nne: tengeneza chini kabla ya kutazama juu

Hii ndiyo kazi halisi ya mwenye nyumba, na ifanywe siku tatu au nne kabla ya tarehe unayoikadiria. Kinda atakapotoka, maisha yake yatategemea kuna nini chini na pembeni ya kiota.

Anza na paka. Paka wa nyumbani ni hatari kubwa mno kwa kinda asiyeweza kuruka, na kengele shingoni haisaidii kitu, kwa sababu kinda hajui kengele ni nini na hata angejua hawezi kukimbia. Mfungie ndani kwa wiki moja, na ikiwa haiwezekani kutwa nzima, basi angalau kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi na tena jioni. Zungumza na jirani pia kama paka ni wake. Jirani wengi hukubali wakiambiwa ni kwa siku chache na wakionyeshwa kiota kwa mbali.

Usifyeke nyasi wala kupunguza michongoma wakati huu. Mtunza bustani aambiwe waziwazi, kwa kuwa yeye huja na panga na mkasi wake kwa ratiba, na kinda aliyejibanza chini ya majani hatoki hata panga likimfikia. Mapipa ya maji, ndoo na karo zilizo wazi zifunikwe au ziwekewe ubao uliolala kutoka ndani hadi ukingoni ili atakayetumbukia apate pa kupandia. Dawa za kuua wadudu zisipulizwe bustanini kwa wiki hizo, maana kiwavi aliyepuliziwa hupelekwa moja kwa moja kinywani mwa kinda. Dirisha kubwa la kioo linalotazamana na kiota literemshiwe pazia au libandikwe karatasi kwa nje, kwa sababu kinda anayejaribu mabawa huona taswira ya miti kwenye kioo na kukigonga.

Kagua pia siafu. Msafara wa siafu ukipanda mti wenye kiota hauachi kinda hata mmoja, na huja zaidi wakati wa mvua, wakati ule ule wa kutaga. Ukiwaona wakielekea upande huo, majivu yaliyomwagwa kwa wingi kuzunguka shina huweza kuwageuza njia.

Kwenye pwani kuna kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye leo amejaa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa hadi Malindi. Ndege huyo hufuatilia nyendo za wazazi hadi akigundue kiota, kisha huchukua mayai na makinda mmoja mmoja. Huwezi kumzuia kwa kulinda kutwa nzima, lakini unaweza kupunguza sababu za kumleta uani: funika takataka, usimwage mabaki ya chakula nje, na usisimame karibu na kiota akiwa juu ya ukuta anakutazama, kwa kuwa naye hujifunza kutokana na macho yako.

Watoto wa nyumbani na wa jirani waingizwe katika kazi hii tangu mwanzo. Mtoto aliyekabidhiwa daftari na kuambiwa kwamba yeye ndiye mwandishi wa kiota hatamwacha mwenzake apige manati upande ule.

Hatua ya tano: zitambue dalili za siku yenyewe

Siku moja au mbili kabla ya kutoka, makinda wa shore huacha kulala ndani ya kibakuli. Hukaa ukingoni, husimama wakajinyoosha bawa moja baada ya jingine, hupigapiga mabawa huku wakishikilia nyasi kwa kucha, na hujidonoa kuondoa mabaki ya ala za manyoya, ambayo utayaona yakidondoka kama vumbi jeupe. Kiota huonekana kidogo ghafla. Mkia wao bado ni mfupi sana na pembe za midomo yao bado ni za njano na zimevimba kidogo, na hali hiyo ni ya kawaida kabisa kwa kinda aliye tayari kutoka.

Wazazi nao hubadilika. Badala ya kuingia moja kwa moja, hutua hatua chache kutoka kiotani wakiwa na chakula na kuita, hukaa hapo kwa muda, kisha ndipo hulisha, au huondoka nacho. Makinda hujinyoosha kuelekea sauti hiyo, na ndivyo wa kwanza anavyojikuta yuko kwenye kijiti cha nje ya kiota. Kwa chozi dalili ni kinda kuchungulia mlangoni akiwa ametoa kichwa na mabega, na kwa mbayuwayu ni makinda kujipanga ukingoni wakiwa wamejaa hadi inaonekana mmoja ataanguka, huku wazazi wakipita kwa kasi mbele yao bila kutua.

Hatua ya sita: asubuhi ya kutoka

Makinda wengi hutoka asubuhi, hivyo uwe mahali pako kabla ya saa 12, ukiwa na kiti, darubini na kikombe chako cha chai, na usiondoke kwa sababu eti hakuna kinachoendelea. Anaweza kutoka mmoja saa 1 na mwenzake akabaki hadi adhuhuri. Wakati mwingine wa mwisho hulala kiotani peke yake na kutoka kesho yake. Usimharakishe. Wazazi hawajamsahau, na utaona wakigawana kazi, mmoja akiwafuata walio matawini na mwingine akirudi kwa aliyebaki.

Tazama miguu zaidi ya mabawa. Kinda wa shore siku hiyo ni mpandaji kuliko kuwa mrukaji: hurukaruka kutoka kijiti hadi kijiti, huteleza, hujishikiza kwa kucha kichwa kikiwa chini, hupigapiga mabawa hadi ajiinue. Akikosa kabisa huanguka, na kwa uzito wake mdogo hadhuriki kwa kuangukia nyasi. Atakaa chini ametulia, kisha ataanza kulia kwa sauti fupi ya kurudiarudia, nayo ndiyo itakayomleta mzazi. Ukae pale pale ulipo. Kama utateremka kwenda kumtazama, utamnyamazisha, na mzazi hataweza kumpata.

Makinda wa mbayuwayu hutoka kwa namna ya kushangaza zaidi, kwani kinda ambaye hajawahi kuruka hujiachia ukingoni na hapo hapo anaruka. Jioni hiyo hiyo hurudi kulala kiotani, na hufanya hivyo kwa siku kadhaa, kama wafanyavyo makinda wengi wa chozi. Kwa hiyo kiota cha tope kilichokuwa kitupu mchana usikihesabu kuwa kimeachwa.

Ukimkuta kinda chini

Swali la kwanza ni moja tu: ana manyoya au hana? Kinda aliyefunikwa manyoya, anayesimama kwa miguu yake na kurukaruka, yuko mahali anapopaswa kuwa hata kama hawezi kuruka na hata kama humwoni mzazi. Mwache. Ikiwa yuko barabarani, kwenye njia ya gari au mbele ya pua ya mbwa, mwinue kwa mikono miwili bila kumbana kifua na umweke kwenye kichaka cha karibu, mita chache kutoka ulipomkuta, si zaidi, kisha rudi mbali usubiri. Imani ya kwamba ndege humkataa kinda aliyeguswa na binadamu haina msingi. Mzazi humtambua mtoto wake na kumfuata kwa sauti. Kinachomfanya asirudi ni wewe kuendelea kusimama hapo.

Kinda ambaye yuko uchi au ambaye manyoya yake bado yako ndani ya ala hakutoka mwenyewe. Ameanguka, ametupwa na upepo au amevutwa na adui. Huyo arudishwe kiotani haraka kwa sababu hawezi kujitunzia joto. Mpashe kwanza ndani ya viganja vyako dakika chache ikiwa amepoa. Kama kiota kizima kimeng'oka kwa mvua, chukua kikapu kidogo au kopo lililotobolewa tundu chini ili maji yasituame, kiingize kiota chenyewe humo au tandika nyasi kavu, kisha kifunge imara kwenye mti ule ule, karibu iwezekanavyo na mahali pa awali na chini ya kivuli cha majani. Nenda ndani na utazame kwa dirisha. Mara nyingi wazazi huanza kulisha ndani ya saa moja au mbili.

Usimpe maji kwa kumdondoshea mdomoni, kwa kuwa njia ya hewa ya kinda iko nyuma kidogo tu ya ulimi na maji huingia mapafuni. Usimpe maziwa, mkate, ugali wala wali. Kumlea kinda wa porini ndani ya nyumba ni kazi inayohitaji wadudu na chakula laini kila baada ya muda mfupi kutoka mapambazuko hadi jioni, na hata akinusurika hukosa mafunzo ya wazazi ya kutafuta chakula na kukimbia hatari. Tena, nchini Tanzania na Kenya kumkamata na kumfuga ndege wa porini bila kibali ni kosa kisheria. Aliyeumia waziwazi, mwenye bawa lililovunjika au aliyeng'atwa na paka, apelekwe kwa daktari wa mifugo akiwa kwenye boksi lenye giza na matundu ya hewa.

Huenda pia ukaona kiotani mwa shore kinda mmoja mkubwa kupita wenzake, asiyefanana nao, akipewa chakula kingi kuliko wote. Huyo ni mtoto wa kekeo mweusi na mweupe mwenye kishungi, ambaye hutaga kwenye viota vya shore. Kiota cha chozi nacho huwekewa yai na kekeo mdogo wa kijani, na kinda wa kekeo huyo huwasukuma nje wenzake. Inauma kutazama, nami naelewa anayetamani kumtoa, lakini msimamo wangu ni kwamba asiguswe: naye ni ndege wa porini, na hana njia nyingine yoyote ya kuzaliwa.

Siku zinazofuata

Siku mbili za kwanza makinda wa shore hawaonekani, na wengi hapo hudhani wameliwa. Tega sikio badala ya kutafuta kwa macho. Wazazi wakiendelea kuingia na chakula katika kichaka kile kile, kinda yumo. Wakilia kwa pamoja kwa ghadhabu, vishungi vimesimama na mikia imefunguka, wakizunguka sehemu moja, kuna nyoka, paka au tipitipi. Paka mfukuze, tipitipi atakimbia ukijitokeza, na nyoka usimkaribie. Shore akianza kelele hizo ndege wengine huja kumsaidia, na kwa dakika chache unaweza kuwaona chozi, shomoro na kuzumburu wakiwa kwenye tawi moja wakimkemea adui mmoja.

Baada ya siku kadhaa makinda huanza kuruka kutoka kichaka hadi kichaka, wakiwafuata wazazi huku wakitetemesha mabawa na kufungua midomo. Hulishwa hivyo kwa wiki kadhaa, kila siku wakijidonolea wenyewe zaidi kidogo. Bakuli pana la maji yasiyozidi kina cha kidole, likiwekwa mahali pa wazi ambapo paka hawezi kujibanza, na papai lililokatwa na kubanwa kwenye tawi, vitakupa nafasi ya kuwaona wakijifunza kunywa, kuoga na kula. Kinda utamtambua kwa kichwa chake cha kahawia isiyokolea, kwa mkia mfupi, na kwa jinsi anavyolirukia papai akakosa na kujaribu tena.

Kiota cha shore kikishaachwa, subiri wiki mbili hivi kabla ya kukata michongoma, kwa maana jozi hiyo huweza kutaga tena karibu na pale katika msimu ule ule, ingawa aghalabu hujenga kiota kipya. Cha chozi kiache kining'inie, kwa kuwa mara nyingine jike hukikarabati na kukitumia tena. Cha mbayuwayu kisibomolewe hata kidogo: ndege hao hurudi msimu baada ya msimu, na kama kinyesi kinachafua baraza, pigilia kibao chenye upana wa sentimita 30 hivi kiasi cha nusu mita chini ya kiota, au tandaza gunia sakafuni na ulifue kila wiki.